Ulimi wa Baba

Alisimama mbele ya jiko la nyumbani, kijiko mdomoni, macho kayafumba, akingoja. Mchuzi ulikuwa wa moto. Hilo alilijua kwa kuwa ulimuunguza. Ulikuwa mzito, hilo nalo alilijua, maana uling'ang'ania kaakaani. Zaidi ya hapo hakuna kilichokuja. Chumvi haikuja. Ndimu haikuja. Hata kitunguu saumu alichokiponda muda si mrefu, ambacho kwa haki yake kilipaswa kunukia mpaka kwa majirani, hakikuja. Alingoja kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama, kisha akakitoa kijiko mdomoni na kukitazama, kana kwamba kosa lilikuwa la kijiko.

"Baba," aliita. "Njoo uonje mara moja."

Mlio wa cherehani ulikatika sebuleni. Baba yake, fundi wa nguo aliyeigeuza sebule kuwa karakana yake tangu binti akiwa mdogo, alitokea mlangoni na tepu ya kupimia shingoni na nyuzi begani. Alinawa mikono kwanza, kwa sababu hakuwahi kugusa chakula bila kunawa, hata kikiwa kijiko kimoja. Akaupokea mchuzi kwa mikono miwili, akaumeza taratibu.

"Chumvi je?"

"Tamu, mama. Tamu sana. Mkono wako una baraka."

"Haijapungua?"

"Iko sawasawa."

Binti alishusha pumzi. Akakiweka kichwani kiasi kile cha chumvi, na baba akarudi kwenye cherehani yake.

Kazini walimwita Pilipili, kwa udogo wa umbo na ukali wa maneno. Alikuwa mwanagenzi katika jiko la hoteli kubwa, mmoja wa wale wanaomenya, wanaosugua na kuungua mikono kwa matumaini ya siku moja kuvaa kofia ndefu. Safari ile ilianzia hapo hapo nyumbani. Mama yake alipofariki, yeye bado mtoto wa shule asiyefikia jiko, alipanda juu ya kigoda akapika wali. Baba alikula, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Mwanangu, mkono wako una baraka." Katika nyumba iliyojaa kilio, neno lile lilikuwa kitu cha kwanza kizuri kusikika. Mtoto alilishika kama watoto wengine wanavyoshika mdoli. Kesho yake akapika tena, na keshokutwa, na alipoulizwa shuleni atakuwa nani akasema mpishi, wenzake wakaangua kicheko: kwani kupika nako kunasomewa? Alisomea. Akavumilia chuo, akavumilia jiko la hoteli na kelele zake, na kila alipotaka kukata tamaa alijikumbusha kwamba mkono wake una baraka.

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kulala na blanketi. Yaliondoka baada ya siku chache, yakaondoka na harufu na ladha zote za dunia. Daktari alimmulika puani, akaandika andika, akasema, "Huenda ikarudi. Huenda isirudi. Tusubiri." Pilipili alitoka pale akiwaza jinsi madaktari wanavyopenda kusema tusubiri, wakati anayekaa kwenye benchi ni mmoja.

Hakumwambia mtu. Jikoni alipika kwa kukumbuka. Mkono ulijua chumvi ya kila siku, macho yalijua rangi ya kitunguu kilichoiva, na pale aliposhindwa aliangalia nyuso za walioonja. Lakini mwisho wa uanagenzi ulikuwa unakaribia, na mwisho huo ulikuwa na jaribio, na jaribio lile halikuwa na huruma kwa mtu wa kukumbuka. Atakayefaulu atabaki kama mpishi. Atakayeshindwa atakunja aproni yake airudishe stoo.

Mpishi Mkuu, mwanamume mwembamba aliyeongea kama mtu anayelipia kila neno, alikuwa na namna yake ya kuwapima watu. Alichemsha mwenyewe supu ya mifupa, akaigawa kwenye majagi. Mengine aliyatia chumvi nyingi, mengine kidogo, mengine hakuyatia kabisa, na hakuna jagi lililokuwa na alama. Kila mwanagenzi alipewa lake, alitumie kupikia kuku wa mchuzi mzito. Kwa hiyo kipimo cha mkono hakikusaidia kitu. Ilikuwa lazima uonje.

Halafu kulikuwa na kijiko cha mgeni. Kila mwanagenzi alimwalika mtu mmoja kutoka nyumbani. Chakula kikikaribia kuiva, ulimpelekea mgeni wako kijiko kimoja cha mchuzi, naye akakuambia neno moja mbele ya Mkuu. Ulirudi jikoni ukarekebisha, ndipo sahani ikaenda kwa Mkuu mwenyewe. "Nataka kuona kama mnasikia," alisema siku aliyowatangazia, na hakufafanua zaidi.

Wenzake walinung'unika. Pilipili alitaka kuruka kwa furaha. Kijiko cha mgeni! Ulimi wake ulikuwa umekufa, lakini wa baba ulikuwa hai. Ndiyo maana sasa kila alasiri alikuwa jikoni nyumbani, akipika na kuita, na baba akija, akinawa, akimeza, akisema tamu. Hakumwambia kwa nini anamwita. Aliogopa kumtia wasiwasi. Baba naye, tangu aalikwe, alikuwa ameanza kujishonea shati jeupe la kuvaa siku hiyo, yeye ambaye maisha yake yote alishonea watu na kuvaa viraka.

Asubuhi moja Pilipili alibeba kazini bakuli la mchuzi ule ule ambao baba alikuwa ameusifu. Aliuweka kando ya meza ya kukatia mboga. Haukukaa sana. Mwanagenzi mwenzake, kijana waliyemwita Mwewe kwa sababu hakuna chakula cha mtu kilichopona mbele yake, alichovya kipande cha mkate, akakitia mdomoni, kisha akakimbilia sinki.

"Pilipili! Hii umepika au umechota baharini?"

"Acha utani."

"Utani gani? Unataka kuniua ubaki peke yako kwenye jaribio?"

"Kimeonjwa hicho. Kiko sawasawa."

"Kimeonjwa na nani? Na ng'ombe?"

Mwewe alianza kucheka, halafu akaacha. Alikuwa ameuona uso wake. Akalitazama bakuli, akamtazama tena, na kile kicheko kikafa chenyewe.

"Subiri kwanza. Kwani wewe hapo husikii kitu?"

Pilipili aliendelea kukata karoti. Vipande vilitoka vinene na vyembamba, yeye aliyesifiwa kwa kukata vipande vinavyolingana kama vimepimwa kwa rula.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Mungu wangu," alisema Mwewe kwa sauti ya chini. Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Mimi sijaona, sijasikia. Lakini siku yenyewe kila mtu na jiko lake, unajua. Sina ulimi wa kukuazima."

Siku hiyo nzima Pilipili alifanya kazi akiwa hayupo. Kama mchuzi ule ulikuwa maji ya bahari, basi baba alikuwa amemeza maji ya bahari na kusema tamu sana. Labda baba naye alikuwa mgonjwa. Labda mafua yale yale yalimpata. Alijishika kwenye wazo hilo kwa muda, maana lililobaki lilikuwa baya zaidi.

Aliporudi nyumbani alichemsha chai. Katika kikombe cha baba, mahali pa sukari, akatia kijiko cha chumvi kilichojaa. Akakoroga, akampelekea kwenye cherehani, akasimama mlangoni.

Baba alikuwa akishona kola ya lile shati. Akanyanyua kikombe, akanywa. Koo lilisita kidogo, likashusha. Akanywa tena. Hakukunja uso, hakukohoa, hakuuliza. Aliendelea mpaka akafika chini, akakiweka kikombe pembeni, akafuta masharubu.

"Ahsante, mama. Chai tamu."

Binti hakuwa amejiandaa kulia. Alikaa juu ya furushi la vitambaa vya wateja.

"Baba, nimekuwekea chumvi."

"Najua."

"Sasa mbona umekunywa?"

Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama ameulizwa kwa nini anavuta hewa. "Si umenipa wewe?"

Hapo ndipo alipomwambia yote: mafua, daktari, majagi yasiyo na alama, kijiko cha mgeni. Alisema bila kumwangalia, akikunjua na kukunja ukingo wa kitambaa kisicho chake. Alipomaliza, cherehani ilikuwa kimya na baba alikuwa ameondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo hizi siku zote ulizokuwa unaniita..."

"Nilikuwa nakutegemea wewe."

"Mungu anisamehe."

"Niambie tu kwa nini, baba."

Baba alizichambua nyuzi zilizokuwa begani mwake. "Babu yako," alisema hatimaye, "akikuta chumvi imepungua, sahani inaruka ukutani. Mama yangu anainama anaokota wali, punje kwa punje, na sisi watoto tumekaa kimya tunaangalia. Kesho yake anazidisha chumvi kwa hofu, sahani inaruka vilevile. Alikuwa anapika huku anatetemeka. Nikajiapiza pale pale, mdogo hivyo: nikipata nyumba yangu, hakuna atakayetetemeka jikoni kwangu. Kitakachowekwa mbele yangu nitakula, na nitasema kitamu." Akatabasamu kidogo kwa huzuni. "Mama yako, Mungu amrehemu, hakujua kupika kabisa."

"Kweli?"

"Kabisa, mama. Na ameondoka duniani bila kujua."

Ilibaki kidogo tu acheke. Lakini swali lililokuwa nyuma ya kicheko lilimuwahi. "Na ule wali wangu wa kwanza?"

"Chini uliungua. Juu mbichi."

"Na baada ya hapo? Miaka yote hii?"

Baba aliigeuzageuza kola ya shati. "Sijui, mwanangu. Niliacha kuonja zamani sana. Ninakula tu. Ukishaamua kwamba kila kitu ni kitamu, ulimi nao unaacha kusumbuka."

Pilipili aliinuka akatoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo. Alikuwa amepoteza ulimi, sawa. Hilo lilikuwa la mafua. Sasa alikuwa anapoteza na mkono. Neno lililompandisha juu ya kigoda, lililompeleka chuo, lililomfanya avumilie mvuke na matusi, lilikuwa adabu ya mtu mmoja mwema mbele ya sahani mbaya. Alijaribu kutafuta mtu mwingine aliyewahi kumsifu. Mwalimu wa chuo alimpa alama nzuri, lakini yule mwalimu aliwapa wote alama nzuri kwa sababu alikuwa akikaribia kustaafu. Mkuu hakuwahi kumsifu mtu. Huenda Pilipili hakuwahi kujua kupika hata siku moja. Wazo hilo lilimkaa kifuani likakataa kutoka, na kwa mara ya kwanza alitamani ulimi usirudi, asije akajionja mwenyewe akathibitisha.

Angeweza kumbadilisha mgeni. Alimfikiria shangazi yake, lakini shangazi alikuwa wa upande wa pili kabisa: yeye angesema chumvi imezidi hata kwenye maji ya kunywa. Na kulikuwa na shati. Lilikuwa limekamilika sasa, limepigwa pasi, limetundikwa ukutani juu ya cherehani, na baba kila akipita alilifuta vumbi ambalo halikuwepo. Hakuwa na moyo wa kulinyang'anya shati lile siku yake.

Basi wakajifunza upya. Binti alizidisha chumvi makusudi, akampa kijiko, akamkazia macho.

"Sema, baba."

"Ta..."

"Baba!"

"Iko... iko vizuri tu." Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji la uso. Akajigusa kooni. "Linafika hapa, mama, linarudi. Nikitaka kulisema namwona mama yangu ameinama."

Walijaribu na iliyopungua, walijaribu na ndimu, walijaribu mpaka chakula kikawachosha wote wawili. Jibu lilikuwa lile lile. Asubuhi ya jaribio Pilipili aliikunja aproni vizuri, kama inavyokunjwa kwa kurudishwa, akaiweka kwenye mfuko. Alikuwa amepanga kumwambia baba abaki nyumbani. Lakini alipofungua mlango alimkuta ameshasimama nje, amevaa shati jeupe, viatu vimeng'arishwa, mikono ameiweka mbali na mwili ili asikunje mikono ya shati. Wakaondoka pamoja.

Jagi lake lilikuwa na supu ya rangi ya chai hafifu. Aliionja, kwa mazoea tu. Moto. Alidondosha tone kwenye ukingo wa kikaango, akalitazama likikauka; lilibaki doa la kahawia lisilosema lolote. Alimtazama Mwewe kwenye jiko la pili, lakini Mwewe alikuwa ameinamia sufuria yake, amebana midomo. Pilipili akakaanga vitunguu, akageuza kuku, akamimina supu. Mkono wake ulielea juu ya bakuli la chumvi. Ukitia na supu ilikuwa nayo, umeharibu. Usipotia na supu ilikuwa haina, umeharibu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hapakuwa na wa kumuuliza. Akatia kiasi cha katikati, kiasi cha mwoga, akakoroga.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu ukumbini, na Mkuu kwenye ncha yake, kengele ndogo mbele yake. Mama yake Mwewe alikuwa ameshatoa neno lake. "Ndimu kidogo," alisema, na kijana wake akarudi jikoni mbio. Sasa ilikuwa zamu ya fundi wa nguo. Alipomwona binti akija na kijiko juu ya kisahani, alisimama, akatafuta kwa macho mahali pa kunawia, akakosa. Akatoa leso mfukoni, akafuta vidole kimoja kimoja, akakipokea kwa mikono miwili.

Akameza.

Uso wake haukubadilika. Pilipili aliujua uso ule. Alikuwa amekua mbele yake. Ndani yake kitu kilikaa chini na kukunja miguu. Alikuwa akifikiria njia ya kutoka kwa mlango wa nyuma, asipite mbele ya wenzake na aproni mkononi.

"Mzee," alisema Mkuu, "neno lako."

"Ta..." alisema baba, akanyamaza. Watu wakangoja. Macho yake yakamwacha binti yakaenda ukutani, ukuta mweupe usio na kitu.

"Chumvi imezidi," alinong'ona.

"Sijakusikia, mzee."

"Chumvi imezidi!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mtu mmoja mezani akacheka. Baba aliinua mkono kidogo mbele ya uso wake, kama mtu anayekinga kitu kinachorushwa. Hakuna kilichorushwa. Akaushusha mkono polepole, akamtazama binti yake. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye kola mpya.

"Na kitunguu kimeungua, mama. Kwa chini, kidogo tu. Na huo mchuzi umeharakishwa, ungekaa kidogo tena jikoni. Lakini..."

Kengele ililia.

"Neno ni moja, mzee," alisema Mkuu. "Umeshatoa matatu."

"Lakini..."

"Mzee, tafadhali."

Baba alifunga mdomo. Alibaki amesimama na kijiko kitupu.

Pilipili hakukumbuka baadaye alivyorudi jikoni. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akikimbia, na kwamba mikono ilijua la kufanya. Aliuhamishia mchuzi kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, kule kitunguu kilikoungulia. Akaongeza maji, akapunguza moto, akaacha uchemke taratibu. Akachukua jagi la maziwa, ya kupoza ukali wa chumvi. Mtu aliyeweza kugundua kitunguu kilichoungua chini ya chumvi yote ile hakuwa amepoteza ulimi. Alikuwa ameuhifadhi mahali, miaka yote, na leo ameutoa hadharani kwa ajili yake. Aliionea huruma ile sauti iliyopazwa, akaipenda, akajifuta macho kwa kiwiko.

Alimimina maziwa kidogo. Akaonja. Moto tu, na uzito. Hakukuwa na kijiko cha pili cha mgeni. Kuanzia hapo alikuwa peke yake. Akamimina tena kidogo.

Kwenye kioo cha mlango aliweza kuuona ukumbi. Wageni wengine walikuwa wakinywa maji na kuzungumza. Baba alikuwa bado hajakaa. Alikuwa ameuelekea mlango wa jikoni, shati limelowa kolani, mdomo uko wazi kidogo kama mtu aliyekatizwa na bado anashikilia neno lake. Pilipili hakujua lingekuwa neno gani. Alijua tu kwamba, kwa mara ya kwanza tangu apande juu ya kile kigoda, angekuwa na sababu ya kuliamini.

Akamimina mara ya mwisho, akasimamisha mkono, akaomba sahani.